Somo: Swali la mbunge ni chombo cha usalama

Katika mikutano yetu vijijini tunasikia mara nyingi: « Wapinzani ni wachache, wanaweza nini? » Tusome Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kabla ya kukata tamaa.

Bunge la Taifa lina viti 500. Ili kupeleka hoja ya kuiangusha serikali nzima, sahihi za robo ya wabunge zinatakiwa, yaani 125. Kwa waziri mmoja, sehemu moja ya kumi, yaani 50. Upinzani mdogo unashindwa hapo. Lakini kipengele cha 138 kinataja njia nyingine: swali la kuandika au la mdomo, kumhoji waziri mbele ya Bunge, tume ya uchunguzi. Swali halingoji wingi wa watu. Mbunge mmoja anatosha.

Tuchukue mfano wa Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa kijeshi, ule tunaouita état de siège, ulianza katika majimbo hayo mawili. Wanajeshi na polisi walichukua nafasi za magavana na viongozi wa wilaya, na kesi za jinai za raia zikaenda kwa mahakama za kijeshi. Sasa, kipengele cha 85 kinasema sheria ndiyo itakayopanga namna ya kutumia hali hiyo. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Katiba itoke, na sheria hiyo haikuwapo. Kazi iliendeshwa kwa amri za Rais. Mama ambaye mtoto wake amekamatwa, aulize wapi mipaka ya nguvu za kamanda?

Mlango ulikuwapo. Kwa kipengele cha 144, hali hiyo inakwisha baada ya siku 30, isipokuwa Bunge na Seneti wakubali kuiongeza siku 15, kisha 15 tena. Kila mara serikali inarudi kuomba. Kwa maoni yangu, mjadala ulikaa mno kwenye « tuongeze au tusiongeze », na swali la sheria iliyochelewa likabaki nyuma. Mwezi Agosti 2021 kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge ilianza kusikiliza mawaziri. Hapo angalau mambo ya pesa na askari yaliulizwa waziwazi.

Swali zuri ni fupi. « Usalama uko wapi? » linajibiwa kwa hotuba. « Mheshimiwa Waziri, kipengele cha 156 kinakataza kusimamisha haki ya kukata rufaa. Mfungwa raia aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi anakata rufaa wapi, na ndani ya siku ngapi? » Hilo linataka jibu.

Kazi ya kikundi: andikeni swali moja kwa mbunge wenu, awe wa upinzani au wa walio wengi. Tajeni kipengele, mahali na tarehe. Msitaje jina la mtu aliyeumizwa bila ruhusa yake. Bakizeni nakala yenye sahihi ya aliyeipokea ofisini.