Gari la Mzigo Lililopungukiwa na Nguvu: Namna ya Kulichunguza Bomba la Moshi

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Juni, mikorosho ya Naliendele na ya nchi yote ya Mtwara huanza kuchipua na kutoa maua, na salfa ya kuzuia ubwiriunga hapana budi ifike shambani kabla ugonjwa haujaenea. Ugonjwa huu, ambao ulitambuliwa katika Tanzania mwaka 1979, haungoji gari litengenezwe. Maua yakishika ule unga mweupe hunyauka, na ua lililonyauka halizai korosho. Kwa hiyo pikapu ya zamani inayoshindwa kupanda kilima ikiwa na mifuko ya salfa si taabu ya dereva peke yake, bali ni hasara ya mavuno. Tena mkulima wa hapa hana njia nyingine ya kuchukulia mizigo: reli iliyojengwa kutoka bandari ya Mtwara kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mazao ya mashamba haya hupita barabarani.

Mwenye gari akiona nguvu zimepungua, mara nyingi huambiwa kwamba injini imechoka, au kwamba pampu ya dizeli imekwisha na yataka kununuliwa nyingine. Huenda ikawa kweli. Lakini yafaa kufahamu kwanza kwamba injini huvuta pumzi na kuitoa. Hewa safi huingia, huungua pamoja na mafuta, kisha moshi hutoka. Moshi ukikosa njia ya kutokea, hewa mpya nayo hukosa nafasi ya kuingia, na injini nzima hufanya kazi kama mtu aliyezibwa pua. Kuchunguza njia hiyo hakugharimu kitu ila spana mbili, kitambaa na saa chache. Pampu hugharimu fedha nyingi. Basi mtu na aanze na kilicho rahisi.

Maneno haya yanahusu zaidi pikapu za dizeli za zamani zisizo na tabo, ambazo bado ni nyingi mashambani.

Kwanza hakikisha kwamba injini ndiyo yenye ugonjwa. Ukisha kwenda kilomita kadhaa, simamisha gari na ukaribie kila gurudumu kwa mkono bila kugusa chuma: gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake inashika. Injini ikivuma kwa nguvu na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Mtu mmoja na akanyage mafuta mpaka chini, injini ikiwa imezimwa, na mwingine atazame kwenye pampu kama mkono wake unafika mwisho. Waya uliolegea, au zulia lililojikunja chini ya kikanyagio, limewahi kuwafanya watu wafungue injini bure. Hesabu mzigo pia. Mifuko 40 ya salfa yenye kilo 25 kila mmoja ni tani nzima, na watu sita wakikaa juu yake gari limekwisha kupita kipimo chake. Mwisho, usilaumu injini kwa kosa la nchi: uwanda wa Makonde hupanda polepole kutoka pwani mpaka karibu mita 900 katika ukingo wake wa magharibi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, maana hewa ya juu ni nyepesi.

Sasa tazama moshi, gari likiwa na mzigo na likipanda. Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa: ama hewa haiingii, ama moshi hautoki, ama nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, nao huonyesha ringi au valvu zilizolika. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni mafuta yasiyoungua, au ni maji yanayoingia kutoka katika rejeta. Ikiwa maji ya rejeta yanapungua kila siku, gasketi ya kichwa cha injini na ichunguzwe. Lakini gari lisilo na nguvu na lisilotoa moshi wowote lina njaa. Hapo tazama chujio la dizeli, maji yaliyotuama chini yake, na mipira inayopitisha mafuta. Dalili hii hupuuzwa na wengi, kwa kuwa macho hutafuta moshi tu.

Chujio la hewa huziba upesi katika nchi yetu kwa vumbi la barabara, na zaidi wakati wa kupuliza salfa. Usiegeshe gari upande unaokwenda upepo wakati mashine za kupulizia zinafanya kazi, wala usiwashe injini katikati ya wingu la salfa. Litoe chujio, liweke mbele ya tochi. Nuru isipopenya, badilisha. Bonyeza pia mpira unaopeleka hewa kwenye injini: ukiwa laini kama utumbo, hujifumba injini inapovuta kwa nguvu, na injini ikizimwa hujifumbua, hata fundi asione kitu. Kuendesha bila chujio haifai kabisa, hata kwa siku moja, maana mchanga hula silinda.

Hewa ya kuingia ikiwa safi na moshi ungali mweusi, litazame bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Hapa pwani huharibika mapema kwa sababu mbili. Hewa ya bahari hulila kwa nje. Ndani hulila maji, maana dizeli ikiungua hutoa mvuke wa maji, karibu lita moja ya maji kwa kila lita ya mafuta. Safari ndefu huukausha mvuke huo; lakini gari linalokwenda kutoka nyumbani mpaka shamba la karibu na kurudi huacha maji ndani ya kopo la ekzosi, yaani lile kopo kubwa la kupunguza kelele, na vibati vya ndani huoza. Kopo kwa nje laweza kuonekana zima, na ndani vibati vimeanguka vikaziba tundu. Gari lililokaa miezi bila kazi nalo huingiwa na nyigu, wakajenga kwa udongo ndani ya bomba. Na gari lililopita juu ya kisiki huenda bomba lake limebanwa mahali pasipoonekana ila kwa mtu aliyelala chini.

Gari likiwa baridi, gongagonga kopo kwa kipande cha mti. Likilia kama debe lenye mawe, vibati vimekatika. Kisha washa injini, gari likiwa nje mahali peupe, na mtu aweke kiganja karibu na mwisho wa bomba bila kuligusa. Pumzi yapasa kutoka kwa nguvu na kwa mfululizo. Ongeza mafuta: ikiwa injini hupanda kidogo kisha hujinyonga, na pumzi ni dhaifu, njia imezibwa. Ili kupata hakika, injini ikiwa imepoa, legeza kiungo kilicho kabla ya kopo, na ulifunge bomba kwa waya lisielekee mipira ya breki au ya mafuta. Peleka gari mwendo mfupi juu ya kilima kile kile, madirisha yakiwa wazi, bila mzigo na bila abiria. Kisha rudisha kiungo na upande tena vivyo hivyo. Nguvu zikiwa zimerudi kiungo kilipolegezwa, kizuizi kiko nyuma yake, na pampu haina kosa. Kwa gari la petroli lenye masega ndani ya bomba, masega yaliyoyeyuka huzuia moshi vile vile.

Baadhi ya watu, wakisha kugundua hayo, hukata kopo na kuacha bomba liishie chini ya kiti au chini ya bodi. Hilo ni kosa kubwa. Ndani ya moshi imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humwingia mtu kichwani kwa maumivu, kichefuchefu na usingizi, na mwisho humwua. Gari la petroli huitoa kwa wingi zaidi, lakini la dizeli nalo haliaminiki. Walio hatarini kwanza ni watoto wanaolala nyuma chini ya turubai. Tena iko hatari ya mzigo wenyewe: salfa huyeyuka kwa joto la nyuzi 115 hivi, na huweza kuwaka kabla joto halijafika nyuzi 250, hali moshi unaotoka katika injini yenye mzigo huweza kupita nyuzi 400. Tundu la bomba lililoelekea sakafu ya bodi yenye kutu, na mfuko uliopasuka juu yake, vyatosha kuwasha moto unaotoa hewa ya kuunguza mapafu. Vivyo hivyo usiegeshe gari lenye bomba la moto juu ya majani makavu chini ya mikorosho.

Ili kupata tundu, tafuta masizi meusi kwenye viungo. Kisha, injini ikinguruma polepole, ziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa muda mfupi tu: bomba zima huisonga injini, bovu hupiga mluzi mahali lilipotoboka. Bati lililofungwa kwa waya lafaa kukufikisha kwa mchomeleaji, si zaidi.

Kazi ikiisha, pakia mzigo ule ule, panda kilima kile kile, na uandike gia uliyopandia. Ikiwa hewa inaingia, moshi unatoka, mafuta ni safi, na gari bado halipandi, hapo ndipo nozeli na pampu zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia.