SOMO LETU: KIRUNGU CHA CHUMA MFUKONI NA SHERIA YAKE



Katika mikutano yetu ya Mbarara, na pia tunapozungumza na wenzetu wa Nakivale wanaofanya vibarua mashambani, swali moja limerudi mara nyingi. Je, mfanyakazi anaweza kununua kile kirungu cha chuma kinachojikunja, akakitia mfukoni na kutembea nacho usiku bila kuvunja sheria?

Swali hili si la mchezo. Wenzetu wa zamu ya usiku katika viwanda vya maziwa hutoka kazini barabara ikiwa giza na bodaboda ni chache. Wenzetu wa Nakivale huamka saa kumi alfajiri kuwahi migomba ya watu huko Isingiro, na siku ya malipo kila mpita njia ajua kwamba wana fedha mfukoni. Mtu aliyeporwa ujira wa wiki mbili hawezi kuambiwa avumilie tu.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ni mabomba matatu ya chuma yanayoingiana kama antena ya redio. Kikifungwa ni kifupi kama tochi. Ukikirusha kwa mkono kinachomoka na kukaza. Aina nyingi hazina kitufe. Hushikwa na msuguano wa chuma kwa chuma, na ili kukifunga tena hapana budi ukigonge ncha yake juu ya kitu kigumu. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwenye njia ya matope hakifungiki upesi. Askari wa doria akitokea, atakukuta nacho wazi mkononi, na mwizi amekwisha kukimbia.

Wengi huuliza kibali chake hutolewa wapi, kwa sababu wamezoea habari za bunduki. Cheti cha bunduki ni cha bunduki. Kirungu hutazamwa na Kanuni ya Adhabu, nayo huuliza zaidi umekibeba kwa nia gani na katika hali gani. Ni kosa kutembea na silaha hadharani bila sababu ya halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Ni kosa kubwa zaidi kukutwa na silaha katika hali inayoonyesha kwamba ulikuwa unakwenda kutenda uhalifu. Kwa hiyo mwenye duka akikuambia, "Hii haina kesi, ndugu yangu," ujue anakuuzia na maneno.

Tuchukue mfano wa panga. Kibarua anayekwenda shambani na panga begani saa kumi na mbili asubuhi, hakuna anayemshangaa, kwa maana kazi ya panga lile inajulikana. Panga lile lile mlangoni mwa baa saa sita za usiku ni habari nyingine. Hata mchungaji wa ng'ombe hapa Ankole hushika fimbo yake mchana kutwa na watoto hawamkimbii. Kirungu cha kukunja hakina shamba wala ng'ombe. Kimetengenezwa kwa kumpiga mtu, na kila askari ajua hivyo. Huko Uingereza, tangu Julai 2021, ni kosa hata kukiweka nyumbani kwako.

Mwenzetu mmoja alikinunua sokoni baada ya kuporwa simu. Wiki haikupita, akasimamishwa kizuizini akitoka zamu. Askari akamwuliza cha nini. Akajibu kwa hasira, "Nikikutana nao nitawavunja miguu!" Maneno hayo yakaandikwa kama yalivyo. Sisi tulipofika kituoni tulikuta si kirungu kilichomfunga ila ulimi wake. Alilala ndani siku mbili, akakosa ujira wa siku mbili, na kirungu hakukiona tena.

Kwa hiyo yeyote anayeshikwa akumbuke haya. Katiba ya 1995, kifungu cha 23, yasema uambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwako kwa lugha unayoielewa, na uambiwe haki yako ya kupata wakili. Sema wazi, "Naomba nielezwe kwa Kiswahili." Ndugu wa Kongo na Burundi, msione haya katika hili, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, na askari wengi wanakijua. Ufikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Dhamana ya polisi haina malipo. Jibu kwa adabu na kwa maneno machache.

Tena, Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vile vipengele vya sheria ya uzururaji vilivyomfanya mtu mshukiwa kwa sababu tu anazunguka au hana kazi ya kuonekana. Maana yake ni kwamba kutembea kwako usiku kutoka kiwandani si kosa. Ukiwa na kitambulisho cha kazi, au kadi yako ya ukimbizi, wewe ni msafiri tu. Lakini ukitiwa mkono mfukoni kikatoka chuma, habari inageuka, hata kama ulikuwa msafi kama maji ya mvua.

Haya, tuseme umeshambuliwa kweli. Kujitetea ni haki, na Kanuni ya Adhabu yaipima kwa misingi ya sheria ya Kiingereza ya zamani: nguvu utakayotumia ilingane na hatari iliyo mbele yako wakati ule. Mwizi aliyekwisha kukimbia si hatari tena. Ukimfuata ukampiga, wewe ndiwe mshambuliaji. Chuma kichwani kinaua kwa pigo moja. Kumdhuru mtu vibaya kwaweza kukupeleka jela miaka 7. Akifa, yaweza kuwa maisha.

Na mwenye kuamua kununua hata hivyo, basi asinunue kitu chenye alama ya polisi au ya jeshi, hata kikiwa rahisi namna gani, kwa kuwa hiyo ni mali ya serikali na utaulizwa ulivyoipata. Adai risiti. Wala asiende nacho baani, wala kwenye mkutano, wala katika mgomo. Hilo la mgomo tunalikaza, maana kirungu kimoja mfukoni mwa mtu mmoja humpa tajiri nafasi ya kuita mkutano mzima ghasia.

Sisi tunaona fedha ile heri inunue tochi nzuri na filimbi, na watu watembee kwa makundi. Na kuna jambo ambalo matawi mengi hayalijui. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 yahesabu jeraha la ajali lililompata mfanyakazi akiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini kuwa ajali ya kazi. Ni juu yako kuonyesha kwamba hukupita pengine, kwa hiyo ukipita kilabuni kwanza umejiharibia. Aliyejeruhiwa njiani aende polisi achukue fomu namba 3, ajazwe na daktari, na amjulishe mwajiri upesi, asingoje mwezi uishe.

Tajiri akijua kwamba njia ya usiku yaweza kumgharimu, mazungumzo juu ya gari la zamu huwa mepesi kidogo. Matawi yenye zamu ya usiku yaandike orodha ya wenzetu waliovamiwa njiani mwaka huu: tarehe, saa, mahali, na zamu waliyotoka. Wenzetu wa Nakivale wanaweza kupitisha orodha yao kwa viongozi wa vijiji vyao. Karani wa tawi atuletee kabla ya mkutano ujao na waajiri.