Mawe ya Kaisaria

JUMANNE

Soma Matendo 23:23–35. Kwa nini Paulo alitolewa Yerusalemu usiku chini ya ulinzi mkubwa namna hiyo, na alipofika Kaisaria aliwekwa wapi?

Kaisaria hutajwa mara nyingi katika kitabu cha Matendo hata tumezoea kuupita mji huo bila kuufikiri. Kornelio na wa nyumbani mwake walibatizwa hapo. Filipo mwinjilisti aliishi hapo na binti zake wanne. Paulo alikaa hapo kifungoni miaka miwili. Magofu yake yako kando ya Bahari ya Mediterania, katika pwani ya Israeli, kati ya Haifa na Tel Aviv.

Herode Mkuu alianza kuujenga mji huo yapata mwaka 22 K.K., akauita kwa jina la Kaisari Augusto. Pwani ile haikuwa na ghuba ya kukinga meli, hivyo akatengeneza bandari ndani ya bahari kwa zege iliyochanganywa na majivu ya volkano kutoka Italia, zege inayoganda hata chini ya maji. Mgeni anayetaka kuiona bandari hiyo leo huonyeshwa mawimbi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuta zake imezama. Nchi kavu yamebaki mahali pa michezo, matao ya mfereji ulioleta maji mjini, na misingi ya jumba lililojengwa juu ya mwamba ulioingia baharini. Wataalamu wengi hudhani kwamba ndilo jumba la Herode linalotajwa katika Matendo 23:35.

Mwaka 1961 wachimbuaji kutoka Italia walikuwa wakifanya kazi mahali pa michezo. Miongoni mwa mawe ya ngazi walikuta moja lenye maandishi ya Kilatini. Baadhi ya herufi zilikuwa zimefutika, lakini jina la Pilato lilisomeka, pamoja na sehemu ya cheo chake cha utawala wa Uyahudi. Pilato alikuwa ameliweka katika jengo la kumheshimu Kaisari Tiberio. Karne kadhaa baadaye mafundi walihitaji jiwe la ngazi, wakalichukua hilo, na watu wakalikanyaga.

Waumini hulifurahia jiwe hilo, na wana sababu. Ni maandishi ya wakati wa Pilato mwenyewe, nayo yanakubaliana na Injili kwamba mtu huyo alitawala Uyahudi. Hata hivyo tusilibebeshe jiwe mzigo usio wake. Halisemi neno juu ya asubuhi ile Pilato alipoketi katika kiti cha hukumu na Yesu mbele yake.

Soma Matendo 24:22–27. Feliki alikwisha kujua nini juu ya ile Njia? Ni mambo gani mawili yaliyokuwa yakishindana moyoni mwake?

Feliki hakuhitaji kuchimbua kitu. Shahidi mzima alikuwa katika nyumba yake, naye alimwita mara nyingi wazungumze. Siku Paulo aliponena juu ya haki, kiasi na hukumu ijayo, Feliki aliingiwa na hofu. Wakati huohuo alikuwa akitazamia rushwa. Akasema atamwita tena akipata nafasi, na nafasi alizipata, kwa miaka miwili, mpaka Festo alipokuja kushika mahali pake.

Mkewe Drusila naye alikuwa na jambo la kukumbuka katika mji huo. Alikuwa binti wa Herode Agripa wa Kwanza, yule aliyemwua Yakobo na kumfunga Petro. Agripa alikufa hapohapo Kaisaria mwaka 44 B.K., baada ya kupokea sifa zilizompasa Mungu (Matendo 12:19–23). Kwa hiyo Drusila alisikia habari za hukumu ijayo katika mji uleule alimofia baba yake. Luka hatuambii alijibu nini.

Wachimbuaji walikuta kitu kingine Kaisaria, na huenda kinatugusa kuliko jiwe la Pilato. Katika sakafu ya ofisi ya serikali ya enzi za Wabizantini, maneno ya Warumi 13:3 yalikuwa yamepangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi. Fungu hilo linasema juu ya watawala na mtu atendaye mema. Paulo alikuwa ameliandika kabla ya kufungwa katika mji huo na watawala ambao hawakuona kosa kwake, lakini hawakumwachilia. Miaka mingi baadaye, mtu aliyeingia ofisini humo alilikuta fungu hilo chini ya miguu yake.

Wapo kati yetu wanaosema kwamba wangezuru nchi za Biblia, wakagusa mawe hayo kwa mikono yao, mashaka yao yangekwisha. Wengi wetu hatutapata nauli hiyo kamwe.

Maswali ya Kujadili:

Ungemwambia nini kijana wa darasa lako anayesema hataamini mpaka aone uthibitisho? Je, habari ya Feliki inamsaidia, au inamwonya?

Ni jambo gani ambalo wewe mwenyewe umelijua kwa muda mrefu kuwa ni kweli, na bado unaliambia lingoje nafasi nyingine?