Ngiri na Kupasuliwa Kwake

Katika sharika zetu wamo wanaume wenye ngiri ya kinena, ambayo wengine huiita mshipa. Huifunga kwa kitambaa, huificha chini ya kanzu, wala hawasemi, kwa kuwa mahali penyewe ni pa kuonewa haya. Twawasihi waiache haya hiyo.

Ngiri ni nini? Nyama za tumbo zimepata upenyo, na utumbo hujisukuma humo. Mtu akilala hurudi, akikohoa au akiinua mzigo hutokeza tena. Hapana dawa ya kunywa wala ya kuchanjia iwezayo kuziba tundu lile. Na siku uvimbe uwapo mgumu, wauma, haurudi, na mtu atapika, utumbo umenaswa. Damu haifiki, nao waweza kuoza kwa saa chache. Asingojewe hadi asubuhi. Achukuliwe hospitali usiku uo huo.

Aendaye mapema hupasuliwa kwa amani. Siku hizi waganga wengi hutia wavu mwembamba mahali palipolegea. Mwaka 2016 zilitangazwa habari za wanaume 302 wa mashariki ya Uganda: wengine walitiwa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, wengine wavu wa namna ya chandarua uliotakaswa kwa mvuke. Baada ya mwaka ngiri ilimrudia mmoja tu. (Chandarua cha nyumbani na kibaki kitandani!)

Kabla ya kwenda, mgonjwa aache tumbako, atibiwe kikohozi, amtajie mganga dawa zote atumiazo, hata za mizizi. Akikatazwa kula, asinywe uji kwa siri. Akiisha kulazwa usingizi, chakula chaweza kuingia mapafuni.

Lakini taabu kubwa huja nyumbani. Kidonda chaonekana kizuri, naye ashika jembe! Atembee polepole tangu siku ya kwanza, akikohoa akishike kidonda kwa mkono, ale mboga na papai, anywe maji, choo kisiwe kigumu. Uvimbe kidogo si ajabu. Homa, usaha au mkojo kuzuilika, arudi upesi. Gunia wala gogo asiinue kwa majuma manne hadi sita, kadiri atakavyoagizwa. Basi, shamba lake litalimwa na nani? Wazee wa kanisa waulize neno hili kabla hajaondoka, wapange zamu, mkewe asiachiwe kazi yote peke yake.