Bunduki adimu za upepo: kabla ya kununua

Mkusanyaji wa Mwadui aanze na polisi wa Wilaya ya Kishapu, ndipo amtafute muuzaji. Tanzania ina sheria ya silaha ya mwaka 2015. Kuuliza mapema kuhusu vibali ni nafuu kuliko kuona mzigo umezuiwa bandarini.

Uadimu wa kweli umo kwenye ufundi. Mwingereza John Whiscombe alitengeneza bunduki chache zenye pistoni mbili zinazokwenda pande tofauti, kila moja ikifuta mtikisiko wa mwenzake. Kazi kama hiyo ndiyo inayostahili fedha, si maneno "toleo maalumu" yaliyochongwa kwenye kitako. Namba ya bunduki, boksi na karatasi za kiwandani vikiwepo, vitunzwe pamoja.

Chuma kisipakwe rangi upya! Mikwaruzo ya zamani ni sehemu ya thamani yake.

Bunduki ya springi isifyatuliwe bila risasi, maana pistoni hugonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa. Mafuta ya injini yasiingie humo: hewa ikishindiliwa hupata joto, mafuta yakawaka, sili ya pistoni ikaharibika. Jasho la mikono huleta kutu, hivyo ifutwe kila ikishikwa, kisha ifungiwe kabatini mbali na watoto.