SOMO LA JUMA: VIBANDA VYA GIKOMBA NA VIBANDA VYA WALAWI 23

Maandiko: Walawi 23:39-43, Nehemia 8:9-18, Kumbukumbu la Torati 16:13-15

Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri juu ya Sikukuu ya Vibanda, na mara tu alipomaliza likasomwa tangazo la kambi ya Agosti kule msitu wa Kereita. Vijana walishangilia sana. Lakini baada ya ibada ya pili mama mmoja wetu, muuzaji wa nguo za watoto hapa sokoni, aliuliza swali ambalo wiki nzima limezunguka kwenye ushirika wa nyumbani. Alisema: "Mimi nimelala nje na watoto wangu baada ya moto, chini ya karatasi ya nailoni. Sasa kanisa linataka nitoe pesa nikalale nje tena, tena kwa baridi?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Somo la juma hili ni la kumjibu, na kama wewe pia umewaza hivyo kimoyomoyo, fungua Biblia twende pamoja.

Tuanze na neno lenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili inaiita Sikukuu ya Vibanda. Mtu wa mtaa mwingine huenda akahitaji kuelezwa kibanda ni nini, lakini sisi wa Gikomba, wacha tu. Kibanda ni mbao chache, mabati, misumari na karatasi. Kinasimamishwa asubuhi, na saa nane mchana mtu yuko ndani anauza. Na kinaweza kwisha usiku mmoja. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15 hapa sokoni, na kumekuwa na mioto mingine kabla yake na baada yake. Halafu mwaka 2024, baada ya yale mafuriko, serikali iliwaamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito waondoke, na matingatinga yakafuata. Kwa hivyo mama yetu hakuuliza kwa uvivu wala kwa kukosa imani. Kibanda kwake ni kumbukumbu ya kupoteza.

Sasa soma Walawi 23. Mungu aliwaagiza Israeli wachukue matunda na matawi ya miti, wakae katika vibanda siku saba, na washangilie mbele zake. Angalia wakati aliouchagua: ni baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa (mstari wa 39). Hakuwaambia wakae vibandani wakati hawana nyumba. Aliwaambia watoke wakiwa nazo. Sababu iko mstari wa 43: ili watoto wao wajue kwamba Mungu ndiye aliyewakalisha katika vibanda alipowatoa Misri. Mtu akishajenga ya mawe, akaweka na geti, husahau upesi sana.

"Hiyo ni ya wenye nyumba," mama atasema. "Na asiye nayo?" Swali zuri, na jibu lake liko Nehemia 8. Mpendwa, kaa hapa kidogo, usiharakishe.

Hawa ni watu waliorudi kutoka uhamishoni. Mji wao uliteketezwa, malango yakaungua kwa moto. Ukuta wameumaliza kwa siku 52 (Nehemia 6:15), lakini ndani ya ukuta mambo bado: mji ni mpana, watu ni wachache, nyumba hazijajengwa (7:4). Hao ndio Ezra anawasomea torati, wanalia. Wanaambiwa wasilie, waende wakale na kunywa, na wampelekee sehemu yule ambaye hakutayarishiwa kitu (8:10). Kesho yake wanakuta agizo la vibanda. Je, walisema "sisi tumeshakaa nje vya kutosha"? Walipanda mlimani, wakakata matawi, wakajenga vibanda juu ya dari za nyumba, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu, na katika uwanja wa Mlango wa Maji. Mstari wa 17 unasema tangu siku za Yoshua mambo hayo hayakuwa yamefanyika namna ile, na furaha ikawa kubwa mno. Soma tena. Furaha kubwa namna hiyo haikuonekana siku za Sulemani na dhahabu yake yote. Ilionekana kwa watu waliounguliwa mji.

Tofauti ni gani basi kati ya usiku wa moto na usiku wa sikukuu, na karatasi ni ile ile? Usiku wa moto kila mtu anakimbia na belo lake. Mwenye nyumba anaenda kwake, wewe unabaki barabarani. Usiku wa sikukuu wote wako chini ya majani, pamoja na mwenye ploti. Kumbukumbu la Torati 16:14 inawataja kwa majina ya hali zao: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Wote washangilie. Hakuna aliyebaki nyumbani kwa kukosa ada.

Hapo sisi tunaoandaa somo hili tuna neno kwa kanisa, na tutalisema wazi. Kambi ikiwa ni ya wale tu wenye nafasi, tuiite matembezi, tusiiite Sikukuu ya Vibanda. Wazee wamekubali kwamba kila mtu atatoa kwa uwezo wake na pengo litazibwa na sadaka ya mwisho wa mwezi. Wengine wamenung'unika. Warudi Nehemia 8:10.

Tuje sasa kwa Kereita yenyewe, kwa sababu wengi hawajafika. Ni msitu wa serikali ulio upande wa kusini wa milima ya Aberdare, huko Lari, Kiambu. Unashika barabara ya Nakuru, unapita Limuru na Uplands, unafika Kimende, kisha unakata kuingia msituni. Sehemu moja ni miti ya asili, nyingine ni miti iliyopandwa: paini, saiprasi, mikaratusi. Sisi tutapiga hema kwenye kiwanja kidogo chenye paini. Paini, au msonobari, si mti wa hapa. Ule unaopandwa sana Kenya asili yake ni Mexico, uliletwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mbao na karatasi. Ndugu zetu mafundi wa mbao hapa Gikomba wanajua jambo hili kuliko mwandishi: serikali ilipofunga ukataji miti Februari 2018, bei ya mbao ilipanda hadi kitanda kikawa mali. Mbao nyingi za vibanda vyetu zilikuwa miti iliyosimama katika misitu kama huo. Hata maji ya mtungi unayonunua, mengi ya Nairobi hutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na mito inayoyajaza inaanzia Aberdare. Tunakwenda kuona vitu vyetu vinakotoka.

Baridi msiichukulie mchezo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, kule ni zaidi ya mita 2,300, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua karibu nyuzi 6. Ongeza ukungu wa Agosti. Mtu hufikiri baridi inatoka juu, kumbe nyingi inatoka chini, ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Kwa hivyo kitu cha kutandika ni cha maana kuliko blanketi la tatu. Katoni zilizokunjuliwa, gunia, mkeka, godoro jembamba la sponji, chochote kinachokutenga na udongo. Sindano za paini zilizoanguka zinafanya kitanda kizuri chini ya hema, lakini matawi mabichi hatukati. Ezra aliwapeleka watu wake mlimani wakakate. Sisi tuna askari wa msitu, na paini ile ni mali ya umma.

Hema nazo mnajua zinapatikana wapi! Watu wanatoka Westlands kuja kuzitafuta hapa kwetu. Ukifungua belo ukapata tenti ya kamera, kabla hujaipenda ikunjue yote. Vuta zipu mwanzo hadi mwisho. Hesabu fimbo. Ingia ndani mchana ujifungie, utazame juu: kila nukta ya mwanga unayoiona ndipo mvua itakapopita. Fundi wa cherehani ataziba kwa shilingi chache. Na vigingi, hivyo ndivyo hukosekana siku zote. Isaya 54:2 inapozungumza juu ya kupanua hema, haiishii kwenye pazia. Inasema kamba zirefushwe na vigingi viimarishwe. Udongo chini ya paini ni laini kwa sababu ya sindano nyingi, kwa hivyo kigingi kifupi kinang'oka na upepo wa kwanza. Tafuteni virefu, muwapigilie kwa kuinamisha, kichwa kikitazama mbali na hema.

Kwa mafundi wa cherehani kuna jambo la kuwatia moyo. Matendo 18 inatuambia Akila na Prisila walikuwa mafundi wa hema, na Paulo alikaa kwao akafanya kazi nao kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Lakini mstari wa 2 ndio unaopitwa na wengi. Walikuwa Korintho kwa sababu Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Ni watu waliofurushwa. Walibeba ufundi wao, wakaanza upya mji mwingine, na nyumba yao ikawa mahali pa kanisa kukutana (1 Wakorintho 16:19).

Moto sasa, na hapa tutakuwa wakali. Sindano za paini zilizokauka zina utomvu, zinashika moto upesi. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila ruhusa. Tutakuwa na moto mmoja tu, mahali tutakapoonyeshwa na askari, na hautaachwa bila mtu. Utazimwa kwa maji hadi jivu liwe baridi mkononi. Watu wa Gikomba hatufai kufundishwa hili mara mbili.

Jiko la makaa lisiingie ndani ya hema. Narudia: lisiingie, hata kama mtoto anatetemeka, hata kama makaa yamekuwa mekundu na hayana moshi. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huwezi kuisikia. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, na mtu haamki. Imetokea katika vyumba vya mabati hapa Nairobi, na hema ni dogo kuliko chumba. Anayesikia baridi usiku aamshe kiongozi wa kundi lake, maji ya moto yatakuwepo. Petro na wenzake walikuta moto wa makaa umewashwa na Bwana mwenyewe (Yohana 21:9), na ulikuwa ufuoni, hewani.

Choo kiko. Lakini kwa wanaodhani Biblia haina habari na mambo hayo, Kumbukumbu la Torati 23:12-14 inaagiza mahali nje ya kambi na chombo cha kuchimbia, na kufukia, kwa sababu Mungu anatembea katikati ya kambi. Takataka zetu zote zitarudi Nairobi ndani ya magunia. Idara ya vijana imepewa kazi hiyo, na imekubali bila kulazimishwa, jambo la kumshukuru Mungu.

Jumamosi mchana wenye miguu watatembea hadi kwenye pango ambalo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Somo la mchana litasomwa hapo, 1 Samweli 22, juu ya pango la Adulamu. Wale waliomwendea Daudi walikuwa wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni, wapata watu 400. Mwenye mkopo wa chama unaomnyima usingizi ajue atakuwa na kundi la kukaa nalo.

Na usiku? Usiku someni Yohana 7. Ni Sikukuu ya Vibanda, Yesu yuko Yerusalemu, siku ya mwisho anasimama na kuwaita wenye kiu. Sura inafungwa kila mtu akienda nyumbani kwake, na sura ya 8 inaanza kwa Yesu kwenda Mlima wa Mizeituni. Wenye sikukuu wamelala vitandani, mwenyewe yuko mlimani. Yohana huyo huyo, aliposema Neno alifanyika mwili akakaa kwetu (1:14), alitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kupiga hema. Mama, ile karatasi uliyolala chini yake na watoto, Yeye anaijua. Hatukwambii uende Kereita ukaupende usiku ule wa moto. Tunakuomba uje ulale mara moja katika kibanda ambacho majirani wote wako pembeni, chakula kimepikwa, na kuna mtu wa zamu anayelinda hadi asubuhi. Ukiona bado ni vigumu, utaombewa ukiwa nyumbani na hakuna atakayekuhesabia.

Majina yanaandikwa Jumapili baada ya ibada ya pili, meza iliyo karibu na mlango. Anayehitaji blanketi aandike hapo, na mwenye la kuazimisha aandike hapo hapo. Hema tulizo nazo hazitoshi, kwa hivyo wenye meza za tenti sokoni tunawaomba mtuazimishe mbili au tatu, tutarudisha zikiwa zimekauka. Magari yataondoka kanisani Ijumaa saa mbili asubuhi.