Dondoo muhimu: Taa za jukwaani bila kuzima ukumbi mzima

Anza na hesabu. Soketi ya kawaida ya pini tatu, Tanzania na Kenya, ni ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 2,990. Taa za zamani za balbu ya wati 1,000 weka mbili tu, maana ya tatu inavuka mpaka. Za LED nyingi hazifiki wati 200, hivyo hata nane zinakaa soketi moja bila taabu.

Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote, hata kama jukwaa liko hatua tano. Waya uliobaki kwenye gurudumu hupata joto na plastiki yake hulainika bendi ikiwa ndiyo kwanza imekolea. Gusa plagi kila baada ya nyimbo chache. Ikiwa ya moto, punguza mzigo. Fyuzi ikikatika, msumari si fyuzi, hata kama fundi wa mtaani amekuapia.

Ethi haina mjadala. Pini yake ikikatwa, atakayejua wa kwanza ni mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni.

Jenereta iwashe, itulie, ndipo uwashe taa moja moja. Bakiza robo ya uwezo wake.

Ukumbi ukiwa na sakiti mbili, taa zichukue moja na muziki nyingine: dima (vipunguza mwanga) za bei rahisi huleta mvumo kwenye spika. Waya unaokatiza njia ya wahudumu ubandike sakafuni kwa utepe wa gundi.